Niliyeshika Funguo za Kanisa Siku ya Gesi

Mwaka nilioanza kazi ni ule tuliokula ugali wa njano. Aliyeula hana haja ya kuuliza tarehe. Mvua ilikataa, mahindi yetu yakakauka yakiwa kimo cha goti, halafu yakaletwa mahindi ya ng'ambo, manjano kama nta, na watu wakasema hayo ni ya kulisha ng'ombe. Tulikula. Ukiukoroga ulitoa harufu ya gunia, na hata sukuma wiki haikuificha. Nilitoka kwangu Mutuini, pembeni mwa Nairobi, asubuhi nimekula kiporo cha ugali huo, mtoto wangu Njoki mgongoni na wa pili tumboni, nikafika kanisani katikati ya mji nikaulizwa, "Wewe ndio msichana wa kufagia?" Nikasema ndio, msichana ni mimi.

Haya nawaandikia nyinyi mnaoshika fagio na funguo sasa, hapo kwetu na kwenye makanisa mengine. Nilisoma mpaka darasa la nne, tena hilo la nne sikulimaliza. Maneno ni yangu. Bi. Rukia, ambaye mtamjua huko mbele, ameyanyoosha Kiswahili pale kilipopinda sana, na pale nilipokataa kinyooshwe kimebaki hivyo. Mambo ya mshahara sitaandika, mshahara wenyewe ulikuwa na haya. Cheo nilikuwa na kimoja tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, mtunza kanisa, na hicho nilijipa mwenyewe. Kwa karatasi niliandikwa mfagizi.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Ndirangu. Alikuwa mtu mwembamba, mguu mmoja unavuta, na koti la kaki ambalo sikuwahi kuliona likifuliwa wala likiwa chafu. Siku ya kwanza alinipa fagio nikaanza mlangoni nikielekea madhabahuni. Aliniacha nikamaliza kanisa zima. Halafu akasema, "Wangari, sasa umemletea Mungu vumbi lote la Nairobi mpaka miguuni. Rudia."

Nikarudia. Unaanza madhabahuni unatoka nje. Kabla ya kufagia unatawanya majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, yakamuliwe yabaki na unyevu tu, ndio vumbi lisipae likakaa kwenye viti ukaanza upya. Nta ya mshumaa ikianguka kwenye kitambaa cha madhabahu usiikwangue kwa kisu kama unaparura samaki. Weka karatasi ya kaki juu, pitisha pasi ya moto, karatasi inainywa nta yote. Divai ni chumvi. Damu ni maji baridi. Ukiweka maji moto kwenye damu umeipika, itakaa hapo mpaka Yesu arudi. Nilimuuliza Mzee Ndirangu damu inatoka wapi kanisani. Akasema, "Utaona tu."

Funguo zilikuwa kumi na nne kwenye pete moja. Wiki ya kwanza yote alinifunga macho kwa kitambaa changu mwenyewe cha kichwa, akaniwekea ufunguo mmoja mmoja mkononi. "Huu?" Stoo. "Huu?" Mnara wa kengele. "Huu?" Nikikosea ananigonga nao kwenye kifundo cha kidole. Nilidhani ni uzee unamsumbua. Kumbe alikuwa mtu wa kuona mbele, au labda alikuwa ameshaona nyuma.

Sasa nifike kwenye ile siku ambayo sipendi kuisema. Wapwa na wajukuu hawaijui, lakini nyinyi ni watu wa kazi.

Ilikuwa miaka ile watu walitaka vyama vingi. Reverendi tuliyekuwa naye alihubiri maneno makali Jumapili, redio za nje zikayasema, na Jumatatu watu wakaja kanisani kuomba, wengi mno, wengine hata si wa dhehebu letu. Waliimba mpaka vioo vikatetemeka. Baada ya siku chache wakaja wakubwa wa kanisa wakamwita Reverendi pembeni. Sijui walimwambia nini. Najua alitoka uso umebadilika, akanikuta natoa maua yaliyonyauka, akasema, "Wangari, funga milango. Yote." Mzee Ndirangu hakuwepo, alikuwa ameenda kliniki kwa ule mguu.

Nikafunga. Niliambiwa funga, nikafunga. Baada ya muda mfupi nikasikia mbio barabarani, watu wakikimbizwa na askari, na rungu likipiga kitu ambacho si ukuta. Halafu mikono. Mikono kwenye mlango, viganja vitupu, pa pa pa pa, na sauti ya mama mmoja ikiita kwa Kikamba na mwingine kwa Kikikuyu, neno ni lile lile. Nilisimama ndani na pete ya funguo mkononi, nikihesabu vigae vya sakafu. Sikufungua. Ikanyamaza.

Kesho yake Mzee Ndirangu alikuja mapema. Mlango ule tulikuwa tumeupaka nta wiki hiyo hiyo, na ukijua nta unajua hushika kila kitu. Viganja vilikuwa vimejaa mlango mzima upande wa nje. Vingine vilikuwa chini kabisa, kimo cha mtu aliyepiga magoti. Aliviangalia sana. Halafu akanipa kitambaa.

"Umefunga vizuri," akasema.

Hakusema lingine siku hiyo wala baadaye. Nilipangusa mlango ule kiganja kwa kiganja, na tangu hapo hakuna mtu aliyewahi kuniambia "niliagizwa" nikamwonea huruma. Mimi nilishaagizwa. Najua inavyokuwa.

Baada ya Mzee kustaafu funguo zikawa zangu. Ndio wakati nilipomjua Bi. Rukia. Yeye alikuwa anasimamia upande wa wanawake katika msikiti ulio mitaa michache kutoka kwetu, mzaliwa wa Mombasa, mwenye maneno. Tulikutana juu ya sufuria. Walimu walikuwa wamegoma, wamekaa kwenye nyasi za kanisa wakisubiri mkutano wao, njaa inawauma, na akina mama wa kanisa wakataka kuwapikia uji. Sufuria yetu kubwa ilikuwa imetoboka. Nikaenda msikitini kuomba.

"Sufuria gani?" akauliza.

"Ile kubwa ya sherehe. Nitarudisha kesho."

"Mna nini huko?"

"Walimu. Wana njaa."

"Walimu wa dini gani?"

"Wa hesabu, nadhani."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Sufuria alikuja nayo mwenyewe, imebebwa na wanaume wawili, na akabaki kukoroga. Tangu hapo tukagawana kazi bila kikao wala barua. Walimu, madaktari, wachuuzi waliofukuzwa na askari wa kanjo ya jiji, akina mama waliovunjiwa vibanda, wote walipita. Kwetu kuna viti na jiko, kwao kuna bomba. Mnajua bomba za msikiti za kutawadhia, zimepangwa mstari mrefu, chini kuna mfereji? Kwa mtu aliyepigwa gesi ya machozi hakuna mahali pazuri kama hapo mjini. Anakaa, anaosha uso, anaosha mikono, maji yanaenda. Bi. Rukia alikuwa akiwapanga kama watoto wa nasari. "Usisugue macho! Wewe wa jaketi jekundu, nimesema usisugue! Mama yako hakukufunza kusikia?"

Kuhusu gesi, hili andikeni mahali. Ile ni unga. Ikishatulia inakaa kwenye viti, kwenye vitabu vya nyimbo, kwenye mapazia. Ukifagia pakavu utalia mara ya pili, na waumini watalia Jumapili bila kuguswa na neno la Mungu. Fungua madirisha kwanza, pangusa kwa kitambaa chenye maji baridi, badilisha maji mara nyingi, mapazia yatolewe nje yasikung'utwe. Majani ya chai hapo hayasaidii.

Sitaki mseme kwamba nasifu kanisa tu. Kanisa lenye jiko ni hilo hilo lenye mimbari, na mimbari ile nimeiona ikipewa wanasiasa Jumapili kwa Jumapili. Wanakuja wamechelewa, viti vya mbele vimewekewa vitambaa vyeupe ambavyo nimepiga pasi mimi, wanapewa kipaza sauti, wanatukana adui zao mbele ya madhabahu, wanaondoka kabla ya baraka. Nilikuwa nikifagia baada yao na ile nia ya kufagia. Waliolisha watu na waliowawekea viti wakubwa walikuwa wakiimba wimbo mmoja. Hiyo ndiyo hali, na atakayewaambia dini iko upande mmoja tu hajawahi kuosha vyombo vyake.

Sasa siku yenyewe.

Ulikuwa mwaka wa juzi juzi, ule ambao mkate ulitaka kuwekewa ushuru, na kule kwetu Mutuini watu walinunua mafuta ya kupikia ya kupimwa kwa kikombe kidogo. Vijana walitoka. Sijawahi kuona maandamano ya namna ile. Hakuna kiongozi, hakuna gari la kipaza sauti, kila mtu ana simu, bendera na chupa ya maji. Wasichana kwa wavulana, nywele za kila rangi. Nilibakiza miezi michache nistaafu, na nilikuwa nimeapa kumaliza safi. Katika miaka yangu yote hakuna kioo kilichopasuka mkononi mwangu wala kufuli lililoharibika. Hilo lilikuwa jina langu. Watu walisema, Mama Njoki hajawahi kuharibu kitu.

Asubuhi mwenyekiti wa kamati ya majengo, Bwana Kimemia, alinipigia simu.

"Mama Njoki, leo hakuna ibada. Funga kila kitu uende nyumbani."

"Reverendi amesema?"

"Mimi ndio nasema. Hawa watoto si watu wa kanisa."

"Sawa, Mwenyekiti." Nikafunga. Kwenda nyumbani sikuenda. Barabara ya Ngong ilikuwa imejaa, na pia miguu ilikataa.

Mchana nikasikia zile mbio. Mtu aliyewahi kuzisikia hazisahau, viatu vingi havina mpangilio. Milio ya gesi, mmoja, miwili, halafu mingine ambayo haikuwa gesi. Moshi ukaingia chini ya mlango wa magharibi. Halafu mikono.

"Kuna mtu ndani? Fungueni, tunakufa huku!"

"Fungua maze, wanakuja!"

Macho yangu yalikuwa yamejaa moto, sioni hata pete yenyewe. Nikauhisi ufunguo kwa kidole, wa tisa, una meno mawili na nundu, nikauingiza mara ya kwanza. Upande wa kulia ukafunguka.

Mlango ule ni wa pande mbili. Wa kulia ndio wa ufunguo. Wa kushoto haushikwi na ufunguo, una komeo la juu na komeo la chini linaloingia kwenye tundu la sakafu. Ukitaka kuufungua unainua la chini kwanza, halafu unashusha la juu. Hiyo ni kazi ya kila Jumapili, ningeifanya nimelala. Watu walikuwa wanabanana kwenye upande mmoja, wanaanguka, nikasema wacha nifungue na wa pili. Nikashusha komeo la juu. La chini nikalisahau.

Nimelisema. Watu walisukuma, upande wa kushoto juu hauna kitu, chini umeshikwa na chuma. Ukajipinda. Bawaba ya juu ikang'oka na kipande cha ubao, mlio wake mpaka leo nausikia kwenye meno. Mlango uliowekwa na watu waliokufa kabla mimi sijazaliwa, nikauharibu mimi, miezi michache kabla ya kutoka.

Waliingia. Walilala chini ya viti, kwenye ngazi za madhabahu, kila mahali. Msichana mmoja hakulala. Alikuwa na mkoba mgongoni na msalaba mwekundu alioushona mwenyewe kwa uzi. "Mimi ni Mwende," akaniambia, "nasomea unesi, niko mwaka wa mwisho. Shosh, uko na kitambaa safi?" Shosh ni nyanya, kwa lugha ya vijana wa mji. Kulikuwa na kijana ametobolewa paja. Nikaenda vestri, chumba cha mavazi ya ibada, nikaleta kitambaa cha madhabahu cha Pasaka, chenye darizi. Akakiangalia.

"Hii si ni ya Mungu?"

"Pasua," nikamwambia. Akapasua.

Akina mama wa kanisa waliokuwa wakiuza mjini na wanaofanya kazi ofisi za karibu walianza kufika mmoja mmoja kwa mlango wa jikoni, vitambaa vyeupe kichwani. Bi. Rukia akaja na wanawake wake kumi hivi, kwa buibui. "Kwenu mlango umeanguka," akasema, "au ndio mtindo mpya?" Reverendi, si yule wa miaka ya vyama vingi, naye akafika akihema, akatoka nje amevaa kanzu yake ya ibada kuzungumza na askari. Nampa haki yake, alisimama pale nje peke yake muda mrefu.

Tuliwatoa hivi. Kila mama alishika vijana wawili kwapani, mmoja huku mmoja huku, kama anawapeleka kliniki, wakatoka kwa mstari wakiimba wimbo wa kwaya. Mama mmoja wa kitambaa cheupe, mmoja wa buibui, mmoja wa kitambaa cheupe. Askari waliangalia tu. Kijana mwenye mapete puani alikuwa ameshikwa na Bi. Rukia, namsikia anaambiwa, "Inua kichwa, usitembee kama mwizi. Na hilo la puani ukifika nyumbani litoe, linakusanya mafua." Walipelekwa mpaka bombani wakaosha nyuso, halafu mpaka stendi. Hakuna aliyeguswa.

Aliyeguswa ni aliyebaki. Mwende alimngoja kijana wa paja mpaka akabebwa, halafu akaja mlangoni akanikuta nimepiga magoti nahangaika na lile komeo la chini, limekwama kwenye tundu. Ule mlango ulikuwa unaning'inia.

"Shosh, hii mlango itakuangukia. Toka hapo."

"Siwezi kuuacha hivi."

"Basi wewe inua hiyo chuma, mimi nashika."

Akaushika kwa mikono yote miwili, bega limebana ubao, miguu imetanuka, uso umekunjamana kwa uzito. Mtu akapiga picha. Nani, sijui. Baada ya dakika chache askari wawili wakamtoa mlangoni, mimi bado niko chini nimeshika komeo. Jioni picha ilikuwa kwenye simu za Kenya nzima. Mimi sionekani, nimefunikwa na mlango. Anaonekana msichana tu, anang'oa mlango wa kanisa. Watu wengine walimlaani kwa jina la Yesu.

Akashtakiwa kwa kuvunja mahali pa ibada. Ukifungwa kwa hiyo, unesi umekwisha, hakuna hospitali itakayokuchukua. Mama yake, mwanamke mpole wa Kitui anayeishi Kangemi, alikuja kwangu akakaa kwenye kiti. Nikampa chai. Akasema kitu kimoja, "Mwanangu si wa kuvunja vitu."

"Najua," nikamwambia. "Aliyeharibu ni mimi."

Siku ya tatu kamati ikaniita ofisini. Bwana Kimemia katikati, wengine pembeni, Reverendi mwisho wa meza. Karatasi ilikuwa tayari, imepigwa chapa, kalamu juu yake.

"Mama Njoki, hii ni karatasi tu," akasema Kimemia. "Weka sahihi hapo chini, mambo iishe."

"Nisomee, Mwenyekiti."

Akakohoa. "'Nilikuwa ndani niliposikia kishindo kikubwa. Nilipotazama niliona kundi la wahuni, wakiongozwa na msichana, wakivunja mlango wa magharibi.'"

"Nani ameandika?"

"Kamati."

"Kamati ilikuwa wapi?"

"Mimi nilikuwa nyumbani Mountain View, unajua Waiyaki Way ilikuwa imefungwa."

"Basi una macho mazuri."

Mmoja wao akacheka, akajificha kwa kikohozi. Kimemia akainama mbele, sauti ikawa ya upole. Na hapa ndipo nataka mnisikize vizuri, kwa sababu na nyinyi mtakuja kuongeleshwa na sauti hiyo.

"Mama, fikiria. Wakubwa wanauliza kwa nini kanisa lilificha wahuni. Tukisema walivunja, sisi hatuna makosa. Na wewe pia hauna makosa. Mlango umevunjwa na watu, hakuna mtu atauliza habari ya komeo. Unastaafu na jina lako safi kama lilivyo."

Alikuwa amejua. Alikuwa ameenda akaangalia lile tundu, akaelewa, kwa maana si mjinga. Alikuwa ananirudishia jina langu mezani, limepigwa pasi. Nawaambia ukweli, mkono wangu ulitaka ile kalamu. Si kwa kumwogopa. Kwa aibu. Mtu asiye na shule ana kazi yake tu, na kazi yangu ilikuwa kutoharibu. Niseme mbele ya watu kwamba mimi, Wangari, nilisahau kitu ambacho mtoto wa Sunday school anajua?

Nikaisukuma karatasi mpaka ikamfikia Reverendi. Nikasema, "Mlango haukuvunjwa. Niliufungua mimi kwa ufunguo, na komeo la chini nililisahau mimi. Sisemi lingine."

Kimemia akasema nimechoka, nikafikirie. Nikasema nimeshafikiria, kazi ya kufagia inampa mtu nafasi ya kufikiria kuliko kamati.

Reverendi alikuja Mutuini Jumamosi, akanikuta shambani napalilia viazi. Alisimama pembeni ya mtaro kwa viatu vyake vizuri.

"Mama Njoki, kanisa litaumia."

"Kanisa ni la mawe, Reverendi. Yule mtoto ana mifupa."

"Sikusema uongo wowote mimi. Sikusema kitu."

"Ndio hiyo."

Aliangalia viazi. Aliniuliza ni vya aina gani. Nikamwambia, nikampa vichache kwenye mfuko, maana mgeni ni mgeni. Wiki iliyofuata nikaitwa nikaambiwa nipumzike mapema, kwa sababu ya umri wangu na yale niliyopitia. Nilitoa pete ya funguo nikaiweka mezani. Kimemia akauliza upi ni wa wapi. Nikamwambia afunge macho ajifunze. Hakukuwa na sherehe ya kuniaga ya kanisa. Akina mama walinipikia mukimo nyumbani kwa mmoja wao pale Woodley, Bi. Rukia akaleta pilau, na waliimba mpaka majirani wakaja na sahani.

Kesi ilitupwa. Nawaambia sasa msije mkaruka maneno mkitafuta hilo. Mwende alimaliza masomo, yuko wodini anafanya kazi, na kila akija kunitembelea ananipima presha halafu ananigombeza juu ya chumvi mbele ya wajukuu wangu. Amefanana na Bi. Rukia kwa mdomo, sijui wamepitiana wapi.

Lakini asubuhi ile ya mahakamani hakuna aliyejua itatupwa. Mwende alikuwa kizimbani na sweta ya mama yake. Kimemia alikuwa benchi la mbele na wanakamati wawili. Reverendi alikaa nyuma kabisa, koti limefungwa mpaka juu, kola haionekani. Niliitwa upande wa utetezi. Niliapa kwa Biblia ambayo jalada lake lilihitaji gundi, nikamwambia karani.

Kiongozi wa mashtaka alikuwa kijana mwenye suti nzuri. Alinisalimia kwa heshima, "Shikamoo mama," na hiyo peke yake ikanitia wasiwasi.

"Mama, siku hiyo ulikuwa na gesi machoni?"

"Ndio."

"Kwa hivyo hukuona vizuri."

"Sikuona kabisa."

"Sasa kama hukuona, umejuaje ni wewe uliyefungua?"

"Wewe ukila gizani, unajuaje mdomo uko wapi?"

Watu wakacheka, hakimu akagonga meza. Yule kijana hakukasirika. Alikuja karibu, akanionyesha ile picha, kubwa kama kalenda. Mwende ameushika mlango, meno yanaonekana.

"Tazama vizuri. Kuna mtu mwingine kwenye picha hii?"

"Mimi niko chini."

"Hauonekani."

"Sikuzoea kuonekana. Lakini niko chini."

"Mama, una umri. Umefanya kazi miaka mingi na hakuna siku umeharibu kitu, mwenyekiti wako mwenyewe ameiambia mahakama hii. Mtu kama wewe hawezi kusahau komeo. Labda unamhurumia huyu msichana. Labda mlango ulikuwa umeshavunjwa ulipofika, na wewe kwa wema wako unachukua lawama isiyo yako. Inawezekana?"

Niliona Kimemia akitikisa kichwa polepole, kama anamsaidia mtoto kukumbuka shairi. Hakimu akavua miwani.

"Jibu, mama. Sauti yako isikike."

Nikashika ule ubao wa mbele yangu kwa mikono yote miwili.

"Mlango haukuvunjwa. Niliufungua mimi kwa ufunguo, na komeo la chini nililisahau mimi. Sisemi lingine."